Lok Leipzig: bingwa wa kwanza wa Ujerumani alifikaje daraja la nne?

Kijana_wa_Masese (Jinja)

Habari zenu wakubwa. Natayarisha maelezo ya dakika 20 ya kusomwa kwenye kipindi cha michezo redioni, mada ni 1. FC Lokomotive Leipzig. Nimekwama.

Kuna wanaoandika ilianzishwa 1893, wengine 1966, wengine 2003. Vikombe vya Ujerumani Mashariki wapo wanaohesabu vinne na wapo wanaohesabu vitano, cha tano kikiwa cha 1957. Msimu wao wa Bundesliga, 1993/94, jedwali moja linawapa pointi 17, jingine 20. Na kibandani kila nikitaja Leipzig najibiwa, "Si hao wa Red Bull?" Nataka mtiririko ambao msikilizaji wa Walukuba ataufuata kwa sikio tu, na mjuzi akipiga simu studio asipate pa kuniumbua.

Mzee_wa_Kireka

Kijana, mtoe RB njiani kwanza, la sivyo atakusumbua hadi dakika ya 20. RB Leipzig ilianza 2009 kwa kuchukua nafasi ya SSV Markranstädt katika daraja la tano, ikapanda kwa fedha za Red Bull, na inacheza palipokuwa Zentralstadion. Lok ni watu wa mtaa wa Probstheida, kusini-mashariki mwa mji. Uwanja wao ni Bruno-Plache-Stadion, uliofunguliwa 1922, na jukwaa lake kuu ni la mbao mpaka leo. Klabu hizo mbili hazina undugu wowote. Ukishasema hayo, songa mbele.

Mizizi ni VfB Leipzig. VfB yenyewe ni ya 1896, na ile 1893 ni tarehe ya Sportbrüder Leipzig, klabu iliyoungana nayo baadaye kidogo. VfB wakaona tarehe ya mwenzao ni kongwe zaidi, wakaivaa. Ukiandika "1893" hujakosea, ila ujue imetoka wapi.

Usiruke 28 Januari 1900. Siku hiyo wajumbe waliowakilisha klabu 86 walikutana kwenye mgahawa wa Mariengarten, Leipzig, wakaunda DFB, shirikisho la soka la Ujerumani. Rais wa kwanza alikuwa Ferdinand Hueppe, mtu wa DFC Prag, klabu ya mji wa Prague. Kumbuka jina la klabu hiyo.

Ubingwa wa kwanza wa taifa ulichezwa 1903. Karlsruher FV walitakiwa kukutana na DFC Prag, ikaingia telegramu kuwaambia mechi imeahirishwa. Ilikuwa ya uongo. Karlsruhe hawakusafiri, wakaondolewa, Prag wakafika fainali bila kutoka jasho. Fainali ilipigwa 31 Mei 1903 Altona, ambayo leo ni sehemu ya Hamburg lakini wakati ule ulikuwa mji wake wenyewe. Ilichelewa kuanza karibu nusu saa kwa sababu mpira unaofaa haukupatikana! Mapumziko walikuwa 1-1, kipindi cha pili VfB wakafungulia bomba: 7-2. Heinrich Riso alifunga matatu. Hiyo ni dakika nzuri ya redio, ipe nafasi.

Baada ya hapo kuna mataji mawili zaidi: 1906 dhidi ya 1. FC Pforzheim, 2-1 mjini Nuremberg, na 1913 dhidi ya Duisburger SpV, 3-1 mjini München. Fainali ya 1904 haikuchezwa kabisa, maana Karlsruhe (hao hao) walikata rufaa kuhusu uwanja wa mechi yao, shirikisho likafuta mashindano saa chache kabla ya fainali. Walipoteza fainali za 1911 na 1914. Ya 1914 walifungwa 3-2 na SpVgg Fürth baada ya dakika za nyongeza zilizosukuma mechi kupita dakika 150, kwa kuwa walicheza hadi bao lipatikane.

Mtego mmoja mdogo: kombe la Ujerumani walilochukua kwa kuifunga Schalke 04 mabao 2-1 mjini Berlin ni la mwaka 1936, lakini fainali ilipigwa 3 Januari 1937. Ukisoma sehemu mbili ukakuta miaka miwili, usidhani ni makombe mawili.

Afande_Bombo

Nachukua kipande cha kuanzia 1945 hadi 1990. Wengi huanguka hapa, ingawa Mganda ana mfano nyumbani. Klabu zetu nyingi zina mwenyewe: Polisi, UPDF ya jeshi iliyokuwa Simba, Maroons ya magereza, URA ya kodi. Ujerumani Mashariki mfumo ulikuwa wa namna hiyo, tena jina lenyewe lilikutajia mwenye klabu. Dynamo ni polisi na usalama, Vorwärts ni jeshi, Lokomotive ni reli, Chemie ni viwanda vya kemikali, Rotation ni wachapishaji na magazeti. Mwambie msikilizaji hivyo mwanzoni, hayo majina yataacha kuwa kelele.

Baada ya vita wakuu wa majeshi yaliyoshinda walizivunja klabu zote za zamani. VfB ikafa kisheria. Wachezaji na wapenzi wa Probstheida wakaendelea chini ya majina mapya: SG Probstheida, halafu 1949 BSG Erich Zeigner (meya wa mji), 1950 Einheit Ost, 1954 SC Rotation Leipzig, 1963 SC Leipzig, na tarehe 20 Januari 1966 idara ya soka ikatengwa kuwa 1. FC Lokomotive Leipzig. Ndiyo maana unaiona 1966. Usiyasome majina yote hewani, utawapoteza watu. Sema "ilibadilishwa jina mara tano au sita ndani ya miaka 20" kisha taja mawili, Rotation na Lokomotive.

Sasa kombe lako la 1957. Lifute. Kuanzia 1954 hadi 1963 mji ulikuwa na timu mbili kubwa: SC Rotation, ambayo ndiyo ukoo wetu huu, na SC Lokomotive Leipzig, iliyokuwa upande wa pili wa mji, Leutzsch. Kombe la 1957 ni la hao wa Leutzsch. Jina linafanana, ukoo ni mwingine. Vikombe vya 1. FC Lok ni vinne: 1976 na 1981 dhidi ya Vorwärts Frankfurt ya mto Oder (3-0, 4-1), 1986 dhidi ya Union Berlin 5-1, 1987 dhidi ya Hansa Rostock 4-1. Angalia hata huyo Frankfurt, si yule wa Eintracht.

Mwaka 1963 wakubwa wa michezo waliamua kuzichanganya timu zote mbili. Wachezaji walioonekana bora wakapelekwa SC Leipzig, waliobaki wakatupwa Leutzsch wakaitwa BSG Chemie. Msimu wa kwanza tu, 1963/64, hao "mabaki" wakatwaa ubingwa wa nchi. Wateule wakawatazama. Uhasama wa Lok na Chemie unaousikia leo mizizi yake ipo hapo. Na utani unauma zaidi kwa sababu 1. FC Lok haikuwahi kuwa bingwa wa Ujerumani Mashariki hata mara moja. Nafasi ya pili 1967, 1986 na 1988.

Hiyo 1986 na 1988 ieleze. BFC Dynamo, timu ya usalama wa taifa, ilichukua mataji kumi mfululizo, 1979 hadi 1988. Tarehe 22 Machi 1986 Lok walikuwa mbele 1-0 nyumbani dhidi ya BFC kwa bao la mapema la Olaf Marschall. Muda umekwisha, mwamuzi Bernd Stumpf akawapa BFC penalti, Frank Pastor akafunga, 1-1. Nchi nzima ikapiga kelele, Stumpf akafungiwa. Mwisho wa msimu BFC walimaliza mbele kwa pointi 2. Ila kuwa mwangalifu hapa: mwaka 2000 televisheni ilionyesha picha zilizopigwa kutoka upande mwingine, zikaonyesha mchezaji wa Lok alimsukuma mchezaji wa BFC kweli. Ukiisimulia kama wizi mtupu bila kutaja picha hizo, mjuzi atapiga simu. Mwaka 1988 pointi zililingana kabisa, BFC wakapita kwa tofauti ya mabao.

Ulaya ndiko walikong'ara. Kombe la UEFA 1973/74 waliwatoa Torino, Wolverhampton, Fortuna Düsseldorf na Ipswich (penalti), wakasimamishwa na Tottenham nusu fainali. Halafu Kombe la Washindi 1986/87: Glentoran, Rapid Wien, Sion, na nusu fainali Bordeaux. Walishinda ugenini 1-0, wakafungwa 1-0 nyumbani, ikaenda mikwaju ya penalti. Kipa René Müller alidaka, kisha mwenyewe akaenda kupiga mkwaju wa mwisho, akafunga. 6-5. Hesabu rasmi ya Zentralstadion ilikuwa watu 73,000, lakini waliokuwepo wanakadiriwa kuzidi laki moja, kwa hiyo taja zote mbili. Fainali 13 Mei 1987, Athens: Ajax ya Johan Cruyff ilishinda 1-0 kwa kichwa cha Marco van Basten. Msikilizaji wako ataipata haraka ukimkumbusha fainali ya Afrika ya SC Villa na Club Africain 1991: umefika mlangoni, mlango ukafungwa.

Mpakani_Busia

Afande kamaliza, nyongeza yangu ni moja. Kijana, ukipotea kwenye majina, uliza kila mara "hawa makao yao ni Probstheida au Leutzsch?" Probstheida ni VfB na Lok. Leutzsch ni Chemie. Kwa swali hilo kombe la 1957 lingejitoa lenyewe. Sisi wenyewe tuna Nakivubo Boys, Nakivubo Villa, SC Villa, na hakuna anayedhani ni klabu tatu.

Tofauti ni kwamba Villa haikufa katikati. Lok ilikufa mara mbili.

Mama_Koboko

Basi niseme kifo cha pili, maana ndicho kinachojibu swali la daraja la nne.

Msimu wa mwisho wa ligi ya Mashariki, 1990/91, uligawa watu: wawili wa juu (Hansa Rostock na Dynamo Dresden) waliingia Bundesliga, wa tatu hadi wa sita daraja la pili moja kwa moja, wa saba hadi wa kumi na mbili wakaingia mchujo. Lok walikuwa wa saba. Wakapita mchujo, na 1991 wakarudisha jina la VfB Leipzig. Hilo ni badiliko la jina tu, chama kilikuwa kilekile cha 1966. Watu huandika "VfB ilifufuliwa", si sahihi kisheria.

Mwaka 1993 walimaliza wa tatu daraja la pili, ligi ya timu 24 na mechi 46, wakapanda siku ya mwisho kwa kuifunga Mainz 2-0. Kocha alikuwa Jürgen Sundermann. Kisha Bundesliga: ushindi 3, sare 11, vipigo 20, mabao 32 kwa 69, wa mwisho. Haya, pointi zako. Wakati huo Ujerumani ushindi ulikuwa pointi 2. Hesabu mwenyewe: 3 mara 2 ni 6, ongeza sare 11, unapata 17. Pointi 3 kwa ushindi zilianza msimu wa 1995/96, na tovuti nyingi hupiga upya hesabu za misimu ya nyuma: 3 mara 3 ni 9, na 11, unapata 20. Zote mbili sahihi, ila ya wakati ule ni 17. Chagua hiyo na useme kwa nini. (Katikati ya msimu walimkopa Darko Pančev kutoka Inter, yule bingwa wa Ulaya na Crvena Zvezda (Red Star Belgrade). Haikusaidia.)

1998 wakashuka tena kwenda daraja la tatu, 1999 wakafilisika mara ya kwanza, 2004 mara ya pili, na safari hii timu ikaondolewa kabisa. Hapa ndipo wengi hawaelewi mfumo wa Kijerumani. Klabu ni chama cha wanachama kilichosajiliwa. Chama kikifilisika na kufunga shughuli, nafasi yake kwenye ligi hairithiwi na yeyote aliye na jezi na nembo. Mashabiki walilijua hilo mapema, wakasajili chama kipya, 1. FC Lokomotive Leipzig, tarehe 10 Desemba 2003, kabla cha zamani hakijazimika. Chama kipya huanzia chini kabisa. Chini kabisa Leipzig ilikuwa daraja la kumi na moja.

Tarehe 9 Oktoba 2004, daraja hilo la kumi na moja, waliihamishia mechi moja Zentralstadion dhidi ya timu ya pili ya Eintracht Großdeuben. Walioingia ni 12,421. Kwa daraja kama hilo ni rekodi, na nadhani ndiyo namba moja utakayotaka msikilizaji alale nayo.

Msimu uliofuata hawakupanda ngazi moja moja: waliungana na SSV Torgau, wakachukua nafasi yake juu zaidi na kuruka madaraja kadhaa. Mashabiki wa Lok hawapendi ikitajwa wakati wanamkejeli RB kwa Markranstädt, lakini itaje, ni haki. 2008 wakaingia Oberliga, daraja la tano, 2012 Regionalliga ambayo ndiyo daraja la nne, wakashuka 2014, wakarudi 2016.

Kijana_wa_Masese (Jinja)

Mmenitoa gizani, asanteni sana. Mawili yamebaki. Kwanza, je, chama cha 2003 kina haki ya kusema "mabingwa mara tatu"? Pili, nimeona waliongoza ligi yao 2020 na tena 2025, mbona bado wako daraja la nne?

Mama_Koboko

La kwanza: zamani ilikuwa ubishi. Chama cha zamani cha VfB kilikuwa hakijafutwa kwenye daftari, kilibaki makaratasi tu, na baadaye kikaunganishwa rasmi na Lok. Tangu hapo ukoo umeshikana kisheria. Redioni sema "VfB Leipzig ilitwaa mataji matatu, 1903, 1906 na 1913, na Lok ndiyo mrithi wake." Usiseme "Lok ilishinda 1903". Sentensi ya kwanza haikanushiki.

Mzee_wa_Kireka

La pili ni langu, na linahitaji utulivu.

Daraja la tatu Ujerumani ni ligi moja ya taifa. Daraja la nne limegawanyika ligi tano za kanda, sawa na ligi zetu za mikoa zilizo chini ya Big League. Mabingwa ni watano, nafasi za kupanda ni nne. Bingwa wa Magharibi na wa Kusini-Magharibi hupanda moja kwa moja kila mwaka. Zinabaki kanda tatu, Kaskazini, Kaskazini-Mashariki na Bavaria: moja hupewa nafasi ya moja kwa moja kwa zamu, mbili hupambana mechi mbili, nyumbani na ugenini. Lok wako Kaskazini-Mashariki. Kwa hiyo ubingwa wako una thamani tofauti kutegemea umeuchukua mwaka gani. Energie Cottbus wa kanda hiyohiyo ni mfano mzuri: 2023 walikuwa mabingwa wakatolewa na Unterhaching kwenye mchujo, 2024 wakawa mabingwa tena, zamu ilikuwa ya kanda yao, wakapanda bila mchujo.

Lok wameangukia miaka mibaya yote miwili. 2020 korona ilisimamisha ligi, bingwa akaamuliwa kwa wastani wa pointi kwa mechi, Lok wakaipita VSG Altglienicke kwa unywele. Mwaka huo utaratibu ulikuwa wa mpito na kanda yao ilipangiwa kucheza na Magharibi. Mpinzani akawa SC Verl, aliyemaliza wa pili huko, kwa kuwa Rödinghausen waliokuwa juu yake hawakuomba leseni ya daraja la tatu. Leipzig ikaisha 2-2, marudiano Bielefeld 1-1. Hawakufungwa mechi hata moja. Mabao ya ugenini yakawatoa: Verl walikuwa na mawili, Lok moja. 2025 wakawa mabingwa tena, mchujo ukawapa TSV Havelse wa Kaskazini, wakatolewa, huku bingwa wa Bavaria akipita bila mchujo.

Ukipanga dakika zako, mimi ningetoa sita kwa 1900 hadi 1914, saba kwa kipande cha Afande, tano kwa kufilisika na daraja la kumi na moja, mbili kwa mchujo. Soma maneno kama mia moja hivi kwa dakika, usizidi, majina ya Kijerumani yatakula muda. Na "Leutzsch" itamke "Loich", ukijaribu kutamka herufi zote utakwama hewani.

Afande_Bombo

Dakika mbili kwa mchujo ni chache, Mzee. Mpe tatu, apunguze 1904.